Sisikii

Miaka kumi na tisa ulimi wangu umeajiriwa Shimanzi.
Vikombe themanini kabla ya saa nne,
kijiko, mfyonzo mmoja wenye kelele ya aibu,
kisha natema kwenye ndoo.
Wageni wa ghala hucheka.
Hawajui kwamba ile kelele ndiyo kazi:
chai sharti irushwe nyuma ya koo
ipande kwa mlango wa uani wa pua,
kwani ulimi, pamoja na sifa zake, hesabu yake haifiki sita.
Tamu, chumvi, chachu, chungu,
na ule unono wa supu ya mifupa ambao hatujaupa jina.
Hata pilipili si ladha. Ni maumivu yaliyojipodoa.
Yaliyobaki, moshi, jani bichi, mvua iliyochelewa huko Kericho,
ni pua inayonong'ona
na ulimi kupokea mshahara.

Mwezi wa Saba nikashikwa na mafua.
Siku ya nne nikamwambia Chepkirui,
"Hii namba kumi na mbili ni maji."
Akaifyonza. Akatema. Akaniangalia mno.
"Dada, hii ndiyo ya bei ya juu kuliko zote."

Nyumbani Kibokoni shangazi Mwanasiti
akaniwekea mahamri na mbaazi za nazi.
"Wasikia iliki?"
"Sisikii."
Akanifungulia chupa ya mafuta ya taa.
"Na hii?"
"Sisikii."

Mimi niliyeweza, macho nimefumba, kujua nimefika kichochoro gani,
kwa kahawa, kwa mtaro, kwa udi wa nyumba yenye bi harusi,
sasa natembea ndani ya picha.
Maziwa yaliungua nami nimesimama kando ya jiko.
Usiku nikashusha sanduku,
nikaitoa leso ya marehemu mama,
niliyoifunga katika mifuko miwili ya plastiki, fundo juu ya fundo.
Nikazika uso mzima.

Kitambaa.

Kisha, asubuhi moja, nikageuka kitandani
na dari likageuka nami, likaendelea bila mimi.

Daktari Jumwa wa Ganjoni akanilaza chali,
kichwa kikining'inia ukingoni,
akakizungusha polepole
kama mtu atafutaye stesheni kwenye redio ya zamani.
Akasema: humu sikioni mna mifereji mitatu, membamba kama uzi wa kofia.
Ukiinama, maji yake huchelewa kidogo,
vinywele hupinda, ndipo ujue juu ni wapi.
Jirani yake pana vijiwe vya chokaa.
Vyako vimebanduka, vimeingia nyumba isiyo yao.

"Chokaa? Hii ya ukutani?"
"Hiyo hiyo."

Nikacheka, kichwa chini, machozi yakiingia nyusini.
Kumbe nami ni jengo la Mji wa Kale, lipu inamomonyoka.
Na wazee wetu, ambao hawakupasua sikio la mtu,
walijuaje kusema nasikia harufu,
nasikia utamu, nasikia kizunguzungu,
wakayapitisha yote mlango mmoja?

"Na pua, daktari?"
"Pua ni subira. Neva zake hufa na kuchipua,
kama mchai uliochumwa."
Akaniandikia: karafuu, ndimu, mdalasini, marashi,
kila asubuhi, ukinusa ukumbuke.

Nikakumbuka tu. Agosti, Septemba.
Oktoba kahawa ikarudi, lakini ikinuka mpira uliochomwa.
Nilishukuru ule mpira kama mgeni wa kheri.
Halafu ndimu, siku moja, kwa mbali, ikakataa tena.
Juzi Chepkirui alinisogezea kikombe bila namba.
Nilifyonza kwa kelele.
"Moshi," nikasema. "Wamekausha kwa kuni mbichi."
Akageukia dirisha, akajifanya anahesabu malori.

Leso bado imo sandukuni.
Siigusi.
Sihofii tena pua yangu.
Nahofia ule usiku nilipofungua mafundo yote mawili
na mama, kidogo kilichosalia,
huenda alitoka,
akanipita usoni,
nami sisikii.